Kibali unacho, je, jirani umemwuliza?

Nimekuwa kimya karibu wiki mbili, nilikwenda likizo nyumbani, Mabira. Kwa wale mtakaotafuta jina hilo kwenye intaneti mkaletewa picha za msitu, huo ni Mabira wa Uganda, ule ulio kando ya barabara ya Kampala kwenda Jinja. Mabira yangu mimi ni kata ya wilaya ya Kyerwa, mkoani Kagera, kona ya nchi ambako ukivuka Mto Kagera unajikuta Uganda au Rwanda, inategemea umevukia wapi. Nilipokuwa mdogo tulihesabiwa Karagwe. Kyerwa imekuwa wilaya mwaka 2012.

Nilikwenda kupumzika, kula ndizi na kulala. Nikarudi na swali ambalo halijaniachia mpaka leo, ndiyo maana naandika.

Basi bwana, nilipofika nilikuta mtu mmoja kutoka mjini anaandaa tamasha la muziki kwenye kiwanja cha mpira. Msicheke. Kwetu kile ndicho uwanja wa taifa. Magoli ni ya miti, mistari inachorwa kwa majivu, na jukwaa lilikuwa lori lililofunguliwa ubavu. Siku nne mfululizo pikapu yenye spika ilizunguka vijijini kutangaza. Kiingilio shilingi 3,000. Nilinunua tiketi mbili, yangu na ya binamu yangu, maana kule tamasha haliji kila mwezi, na vijana wa kule wana haki ya kucheza muziki kama vijana wa Sinza.

Usiku wa kuamkia Jumamosi akafariki bibi mmoja ambaye shamba lake la migomba linapakana na kiwanja. Asubuhi turubai la msiba likafungwa. Mita kama mia moja kutoka hapo, mafundi walikuwa wanapanga spika. Kwetu, na nadhani hata kwenu, msiba ukiingia jirani redio hupunguzwa bila mtu kuambiwa. Wazee wanne wakaenda kumwomba mwandaaji asubiri mpaka baada ya mazishi.

Mwandaaji hakuwa mtu mbaya. Alisikiliza, akatoa pole, kisha akatoa karatasi mfukoni. Ilikuwa na mihuri miwili. Wazee wakaniita niisome kwa kuwa mimi ndiye "mwandishi wa magazeti". Nikaisoma kwa sauti, tena kwa madaha kidogo, na nilipomaliza nikatoa hukumu ambayo hakuna aliyeniomba: "Wazee, huyu bwana yuko sahihi. Kibali anacho."

Baba mdogo akaniangalia. Akasema, "Mwanangu, hebu soma tena. Humo ndani pameandikwa nani aliulizwa katika sisi tunaoishi hapa?"

Nikasoma tena. Hapakuwa na mtu.

Mwisho wa mkasa ule nitausema chini. Kwanza nataka tuiangalie ile karatasi, maana niliporudi mjini nimekuwa nikisoma habari zake kila nikipata nafasi. Ina ukoo mrefu kuliko nilivyodhani.

Nianze kwa kukiri jambo moja, nisije nikaonekana nasifia ya kale tu. Hata kabla ya Mzungu, ngoma haikuwa mali ya kila mtu. Speke na Grant walipofika Karagwe Novemba 1861, kwenye ikulu ya Rumanyika kule Bweranyange, walikuta ngoma za mfalme zikipigwa mwezi unapoandama. Zilikuwa ngoma za utawala. Huwezi kuamka tu na kuzipiga kwa kuwa umefurahi. Kwa hiyo wazo la kwamba mwenye mamlaka ana neno juu ya sauti kubwa ni la kwetu pia.

Kilichokuja na ukoloni ni kibali cha maandishi, na ramani. Waingereza waliigawa Dar es Salaam kwa kanda: Uzunguni ufukweni, Uhindini katikati, Kariakoo kwa Waafrika, na katikati ya Uhindini na Kariakoo wakaacha uwazi wa Mnazi Mmoja. Kanuni za miji zikataka anayecheza ngoma ndani ya mji awe na kibali. Swali walilojiuliza maofisa halikuwa kama mgonjwa wa Kariakoo amelala. Waliuliza kama sauti itafika Uzunguni, na kama umati ule una jambo.

Wasiwasi wa pili ndio uliokuwa mkubwa. Mfano mzuri ni ngoma ya beni, iliyoanza pwani ya Kenya miaka ya 1890 na kuenea Tanganyika nzima, watu wakivaa na kupiga gwaride kama askari, wakigawanyika Marini na Arinoti. Zile zilikuwa klabu kamili, zenye viongozi wenye vyeo, michango na matawi katika miji mingi. Maofisa wa Kiingereza walizichunguza wakihofu kuna mtandao wa siasa chini ya tarumbeta. Terence Ranger ameandika kitabu kizima juu ya jambo hili mwaka 1975, na ukikisoma utaona ni kiasi gani serikali ilikuwa inahangaika na watu wanaocheza tu.

Hofu yenyewe haikuwa ya bure kabisa. TANU ilipoanza mwaka 1954, moja ya njia zake za kufika kwa watu Dar es Salaam ilikuwa vikundi vya ngoma vya kina mama. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji wa ngoma kabla hajawa mwanasiasa, na alipotafuta wanawake wa kujiunga na chama alikwenda kwa wenzake wa ngoma. Serikali nayo ilijibu kwa silaha iliyoizoea. Mwaka 1957 Mwalimu Nyerere alizuiwa kwa miezi kadhaa kuhutubia mikutano ya hadhara. Kibali cha ngoma na kibali cha siasa vilikuwa ndugu wa tumbo moja.

Unaweza kutegemea kwamba baada ya Uhuru karatasi hii ingeandikwa upya. Haikuandikwa upya, ilibadilishiwa mwenye kalamu tu. Novemba 1969 serikali ya mkoa ilipiga marufuku muziki wa soul Dar es Salaam. Hoja ilikuwa utamaduni wa taifa na tabia za vijana. Mwaka 1976 ikaja sheria ya filamu na michezo ya kuigiza, mwaka 1984 Sheria Namba 23 iliyounda BASATA. Sisemi sheria hizi zote ni mbaya. Ninachosema ni kwamba ukifuata mstari kutoka 1920 hadi hapo, kila kizazi cha kibali kilikuwa na jicho kwa anayeimba na anayekusanyika. Anayeishi ng'ambo ya ukuta hakuwamo.

Sasa msomaji ataniambia, "Kaka, kwa hiyo vibali vifutwe?" Hapana. Nani atathubutu kusema hivyo baada ya Tabora? Oktoba 1, 2008, sikukuu ya Idd el Fitri, watoto walijazwa kwenye disko toto katika ukumbi mmoja mjini pale. Wakakosa hewa, wakakanyagana, na watoto 20 wakafa. Tangu hapo kila sikukuu ikikaribia mnawasikia polisi wakikumbusha kwamba disko toto ni marufuku. Februari 1, 2020 pale Moshi watu wengine 20 walikufa kwenye uwanja wa mpira wakigombea kukanyaga mafuta ya upako kwenye mkutano wa dini. Oktoba 29, 2022 huko Kinshasa, kwenye uwanja wa Martyrs, watu 11 walikufa katika onyesho la Fally Ipupa, wawili kati yao polisi. Umati ni kitu cha hatari. Lazima awepo mtu wa kuhesabu milango.

Lakini kuhesabu milango ni kazi moja, kumlinda jirani ni kazi nyingine, na kuchunga ulimi wa msanii ni kazi ya tatu. Sisi zote tatu tumezitia kwenye karatasi moja. Matokeo yake tuliyaona mwishoni mwa mwaka 2018, na hapa ndipo nilipotaka kufika.

Novemba 24, 2018 ilikuwa siku ya kilele cha Tigo Fiesta, viwanja vya Leaders Club, Kinondoni. Fiesta mnaijua, tamasha la Clouds lililozunguka nchi tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Jukwaa limesimama, tiketi zimeuzwa, wasanii wameshafanya mazoezi. Dakika za mwisho Manispaa ya Kinondoni ikazuia lisifanyike pale. Sababu iliyotolewa ni kelele, kwamba karibu na viwanja vile kuna hospitali na wagonjwa wanasumbuka. Wakaelekezwa wahamie viwanja vya Tanganyika Packers, Kawe. Waandaaji wakasema muda wa kuhamisha jukwaa la ukubwa ule haupo, wakaahirisha.

Nilikuwa kijana mdogo tu wakati ule, na nakumbuka mabishano yalivyokuwa makali. Karibu hakuna niliyemsikia akimzungumzia mgonjwa. Watu walizungumzia nani kamkasirisha nani. Hata waliokuwa hawaipendi Fiesta walikuwa na nadharia zao. Kwa upande mwingine kulikuwa na huzuni, maana Ruge Mutahaba, mmoja wa viongozi wa Clouds na mtoto wa Kagera, alikuwa mgonjwa. Alifariki Afrika Kusini Februari 26, 2019, tukamzika kwetu, Bukoba.

Mwezi haujaisha, Desemba 18, 2018, BASATA ikawafungia Diamond Platnumz na Rayvanny kwa kuimba jukwaani Mwanza wimbo uliokuwa umepigwa marufuku, na kibali cha Wasafi Festival kikafutwa. Adhabu ile iliondolewa Januari 2019. Hapo hapakuwa na mgonjwa wala hospitali. Kosa lilikuwa maneno ya wimbo.

Weka matukio mawili hayo pamoja. Ndani ya mwezi mmoja, matamasha mawili makubwa kuliko yote nchini yalizuiwa kwa chombo kile kile kinachoitwa kibali. Moja kwa sababu ya usingizi wa mgonjwa, jingine kwa sababu ya maadili. Wewe kijana uliyenunua tiketi utajuaje tofauti? Karatasi iliyotumika miaka mia kuchunguza watu wana siasa gani, ikisema leo kwamba inamtetea mgonjwa, nani ataiamini? Na mgonjwa yule yupo kweli. Ana dripu mkononi, na besi inatikisa dirisha. Historia ya kibali imemnyima hata haki ya kuaminiwa.

Hili kwangu ndilo jambo zito. Huwa tunadhani ugomvi wa matamasha ni kati ya vijana wanaotaka raha na wazee wanaotaka kulala. Ugomvi huo upo na utakuwepo. Ila unakuwa mchungu kwa sababu jirani hana kiti chake mwenyewe mezani. Anatajwa tu, tena dakika ya mwisho, na mtu mwingine, kwa sababu ambazo hatuzijui.

Jirani zetu hawajatuzidi sana. Novemba 2022 Gavana Johnson Sakaja wa Nairobi alitangaza kufuta leseni za vilabu vya usiku vilivyo kwenye makazi, baada ya wakazi kulalamika muda mrefu. Swali la wenye vilabu lilikuwa rahisi: leseni mlitupa nyie, mlikuwa hamjui kwamba hapa watu wanaishi? Septemba mwaka huo huo, huko Jinja, lile tamasha la Nyege Nyege (jina wenzetu Waganda wanasema halina ubaya kwao, sisi Waswahili tunyamaze) Bunge la Uganda lilitaka lizuiwe kwa hoja za maadili, kisha Waziri Mkuu Robinah Nabbanja akaliruhusu kwa masharti. Tiketi zilikuwa zimeshauzwa, watalii wako njiani.

Tiketi zilikuwa zimeshauzwa. Naomba ukumbuke maneno hayo, kwa sababu kisa kimoja kikubwa cha aina hii kimesimama hapo hapo.

Mwaka 2014 mwimbaji wa Marekani, Garth Brooks, alitangaza maonyesho matano mfululizo mwezi Julai kwenye uwanja wa Croke Park, Dublin, nchini Ireland. Uwanja ule unaingiza zaidi ya watu 80,000 na umezungukwa na nyumba za watu wa kawaida, mlango kwa mlango. Wakazi walikuwa na makubaliano ya tangu 2009 kwamba maonyesho ya muziki yasizidi matatu kwa mwaka. Na mwaka ule kundi la One Direction lilikuwa limeshapiga matatu mwezi Mei. Pamoja na hayo tiketi 400,000 ziliuzwa kabla ya leseni kutoka. Wakazi wakaweka pingamizi. Mwanzoni mwa Julai halmashauri ya jiji ikaruhusu siku tatu na kukataa mbili. Brooks akasema ni zote tano au hakuna, na ikawa hakuna. Balozi wa Mexico alijitolea kusuluhisha. Hoteli zilipata hasara, wakazi wakatukanwa kama maadui wa taifa.

Jambo la kujifunza ni hili. Wakazi wa Dublin walikuwa na makubaliano wanayoyajua, na bado yalikaribia kumezwa na tiketi zilizouzwa mapema. Mwenye tiketi 400,000 mkononi haji tena kuomba ruhusa, anakuja kukuuliza kama utathubutu. Ireland ilibadili kanuni zake mwaka 2015 ili mwandaaji aongee na halmashauri mapema na maombi yapelekwe muda mrefu zaidi kabla ya onyesho. Septemba 2022 Brooks alirudi Croke Park, akapiga siku tano. Uwanja ule ule, mwimbaji yule yule, siku zile zile tano. Safari hii mazungumzo yalikuwa yametangulia.

Sisi tuna Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015. Mwaka 2022 NEMC ilifungia baa na kumbi kadhaa kwa ajili ya kelele, na wakazi wengi walishangilia. Si haba. Lakini kufungia ni kuja baada ya usingizi kupotea. Na kwa mwandaaji, ambaye amekopa, amelipa wasanii na kukodi jenereta, katazo la siku ya tukio ni kufilisika. Utaratibu huu unamwumiza yeye na jirani kwa pamoja, ndiyo maana nashangaa kwamba hawajaungana kuudai mwingine.

Mwingine upi? Mimi si mwanasheria. Ila naona mambo mawili yanawezekana bila kusubiri Bunge. La kwanza, mwandaaji apeleke taarifa kwenye serikali ya mtaa au kijiji na isomwe kwenye mkutano wa wakazi, wakisema saa ngapi mwisho, spika zielekee wapi na nani apigiwe simu likiharibika jambo. Waliyokubaliana yaandikwe na yaambatane na kibali. La pili, tiketi isiuzwe kabla ya hapo. Kwa njia hiyo siku ofisa akizuia tamasha kwa sababu ya mgonjwa, tutakuwa na karatasi ya mgonjwa mwenyewe ya kulinganisha. Na akizuia kwa sababu nyingine, nayo itaonekana.

Sasa nimalizie kisa cha Mabira. Mazungumzo yalichukua kama saa mbili, chini ya mti, mimi nikiwa nimenyamaza kwa aibu. Mwandaaji aliuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa na jibu lake: "Wazee, nawaelewa. Lakini hasara hii atanilipa nani?" Vijana waliokuwa wameshika tiketi nao walikuwa upande wake, na hawakuwa na makosa. Mwishowe akakubali kusubiri. Bibi alizikwa Jumapili mchana. Mafundi wa spika walichimba kaburi pamoja na sisi, hilo nalisema kwa heshima yao. Onyesho likafanyika Jumatatu kuanzia saa nane mchana, likaisha kabla ya giza. Wasanii wawili kati ya watatu walikuwa wameshaondoka, wana shughuli kwingine. Waliodai hela zao walirudishiwa, mimi sikudai.

Jumatatu asubuhi nilikwenda kwa wafiwa kuomba radhi kwa ile hukumu yangu. Binti wa marehemu, mama mtu mzima, alinipokea vizuri akanipa kiti. Akaniambia, "Mama alipenda sana muziki, mwanangu. Kama wangekuja kutuuliza tungewaambia wapige mmoja taratibu wakati wa kumsindikiza. Hakuna aliyekuja kutuuliza."

Mpaka leo nayawaza maneno hayo. Na wewe unayesoma, mtaani kwako uwanja, ukumbi au baa ikileta kelele, uliwahi kuulizwa kabla? Na wewe unayeandaa matamasha, uliwahi kugonga hodi kwa jirani kabla ya kubandika tangazo? Semeni, tujadili.